Kifaa kimoja, kazi mbili: Ifahamu pumzi ya akiba ya mpiga mbizi

HEWA ikimwishia mpiga mbizi akiwa mita 20 chini ya maji, haponi kwa ujasiri wala kwa nguvu za mikono. Hupona kwa sababu mwenzake aliye karibu ana mahali pa pili pa kuvutia pumzi, na kwa sababu wote wawili wanajua mahali hapo palipo.

Mahali hapo pa pili ndipo panapozungumziwa katika makala haya. Kwa miongo kadhaa sasa, wapiga mbizi wa burudani duniani wamegawanyika kuhusu namna bora ya kupabeba. Wengi hubeba reguleta ya ziada yenye mpira wake wenyewe, ambayo kwa kawaida huwa na rangi ya njano. Wengine wameachana nayo na kutumia kifaa cha kazi mbili, ambacho hujaza hewa kwenye jaketi la kuelea na wakati huo huo huweza kuvutiwa pumzi.

Kwa mtazamo wa haraka, kifaa hicho ni nafuu tupu. Mpira mmoja wa hewa hupungua, mzigo huwa mwepesi, na hakuna kitu kinachoning'inia na kuburutwa juu ya matumbawe. Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama ambayo haionekani dukani. Mtu anayekivaa hubadilisha utaratibu mzima wa kuokoana, na mwenzake asipoelezwa mabadiliko hayo mapema, dakika zinazopotea wakati wa kutafutana zinaweza kumaliza hewa iliyobaki kwa wote wawili.

Suala hili si dogo. Uchambuzi unaohusishwa na shirika la usalama wa wapiga mbizi la Divers Alert Network, uliochapishwa mwaka 2008, ulipitia vifo 947 vya wapiga mbizi wa burudani vilivyotokea kati ya mwaka 1992 na 2003. Katika visa ambavyo tukio la kwanza lililoanzisha ajali liliweza kubainika, upungufu wa hewa ulichukua asilimia 41. Hitilafu za vifaa zilikuwa asilimia 15. Kwa maneno mengine, hatari kubwa ya mpiga mbizi si kifaa kuharibika, bali ni mtungi kukauka huku mhusika akiwa bado chini.

Reguleta ni nini?

Msomaji wa mjini anayepikia gesi nyumbani tayari anaijua reguleta. Ni kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi ili nguvu kubwa iliyomo ndani ishushwe na kufikia kiwango ambacho jiko linaweza kukitumia. Reguleta ya mpiga mbizi hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila anayehudumiwa si jiko bali ni mapafu ya binadamu.

Mtungi wa kupigia mbizi uliojazwa vizuri huwa na mgandamizo wa baa 200 hivi. Tairi la gari dogo lina baa zipatazo mbili tu. Hakuna pafu linaloweza kuistahimili nguvu hiyo, hivyo hewa hushushwa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hufungwa kwenye mtungi na kuteremsha mgandamizo hadi baa tisa au kumi juu ya ule wa maji yanayomzunguka mpiga mbizi. Hatua ya pili ndiyo inayokaa mdomoni. Ndani yake mna utando laini wa mpira. Mpiga mbizi anapovuta pumzi, utando huo huvutika ndani, husukuma kijiti kidogo, kijiti hufungua vali, na hewa hupita. Akiacha kuvuta, vali hujifunga.

Ugunduzi huu una historia yake. Mwaka 1943, nchini Ufaransa, ofisa wa jeshi la majini Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo kilichokuja kujulikana kama Aqua-Lung. Gagnan alikuwa ameshughulikia vali ya kupeleka gesi kwenye injini za magari wakati petroli ilipokuwa adimu kutokana na vita. Vali ya aina hiyo iliyolisha injini ndiyo iliyorekebishwa ili imlishe binadamu hewa chini ya bahari.

Kutoka mdomo mmoja hadi miwili

Katika miaka ya mwanzo, kila mpiga mbizi alikuwa na reguleta moja tu. Mwenzake akiishiwa hewa, wawili hao walilazimika kupokezana. Mmoja alivuta pumzi mbili, akaitoa reguleta mdomoni na kumpa mwenzake, naye akavuta mbili na kuirudisha, hivyo hivyo hadi juu. Darasani utaratibu huo ulipendeza. Baharini, kwa mtu aliyekwisha kupatwa na hofu ya kufa, kuachia kitu kinachompa uhai na kumrudishia mwingine ni jambo gumu mno. Mashirika makubwa ya mafunzo yaliacha hatimaye kuifanya njia hiyo kuwa tegemeo la kwanza.

Jibu lilikuwa kuongeza hatua ya pili nyingine kwenye mtungi ule ule. Kifaa hicho cha ziada wapiga mbizi hukiita okto, kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya pweza, kwa kuwa mipira iliyotoka kwenye mtungi ilianza kufanana na minyiri ya mnyama huyo. Okto ya kawaida huwa na mpira mrefu kuliko ule wa reguleta kuu, hufungwa kifuani mahali panapoonekana, na rangi yake kali humwezesha mwenye shida kuiona na kuichukua bila kuuliza.

Wakati huo huo, jaketi la kuelea lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya vifaa. Jaketi hilo lina mfuko wa hewa unaomwezesha mpiga mbizi kupunguza au kuongeza uzito wake majini. Hewa huingizwa kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye ncha ya mpira mpana wenye mikunjo, unaoshuka kutoka bega la kushoto hadi kifuani. Kitufe cha pili, jirani na hicho, huitoa hewa hiyo nje.

Hapo ndipo watengenezaji walipopata wazo. Iwapo tayari kuna mpira unaopeleka hewa ya mtungi hadi kifuani kwa ajili ya jaketi, kwa nini kuwe na mpira mwingine kwa ajili ya okto? Kampuni ya Scubapro ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kukiuza kifaa kilichoziunganisha kazi hizo mbili, kwa jina la AIR2. Baadaye kampuni nyingine zilitoa vya kwao, vikiwamo AirSource cha Aqua Lung na SS1 cha Atomic Aquatics.

Sifa zinazotajwa na watetezi wake

Kwanza, mipira hupungua. Seti ya kawaida huwa na mipira minne: wa reguleta kuu, wa okto, wa kujaza jaketi, na wa geji inayoonyesha kiasi cha hewa. Kwa kifaa cha kazi mbili, mipira hubaki mitatu. Kila mpira ni mahali pengine pa kuvuja, na ni kitu kingine kinachoweza kunasa kwenye mwamba au kwenye mabaki ya meli.

Pili, kifaa hakipotei. Ni kawaida okto kuchomoka kwenye kishikizo chake bila mwenyewe kujua, ikaburutwa nyuma yake na kujaa mchanga. Siku inapohitajika, haionekani, na hata ikipatikana inatoa mchanga pamoja na hewa. Kifaa cha kazi mbili kiko kifuani upande wa kushoto wakati wote, na mpiga mbizi hukishika mara nyingi katika kila safari ya majini ili kurekebisha kuelea kwake. Mkono unakijua kama unavyoijua mfuko wa shati.

Tatu, anayeokolewa hupokea reguleta ambayo haina shaka. Ile iliyokuwa mdomoni mwa mwenzake ilikuwa ikifanya kazi sekunde moja iliyopita. Watetezi huongeza kwamba mtu aliyeishiwa hewa mara nyingi hakumbuki rangi ya njano, bali huikimbilia ile anayoiona ikitoa mapovu. Wapiga mbizi wa mapangoni, hasa wa Florida nchini Marekani, walizoea tangu zamani kumpa mwenzao reguleta iliyo mdomoni, ingawa wao hutumia mpira mrefu wa takriban mita mbili na reguleta ya pili huining'iniza shingoni badala ya kuiunganisha na jaketi.

Nani anapewa nini?

Hoja hiyo ya tatu ndiyo kiini cha suala zima. Okto ya kawaida ina utaratibu rahisi: mwenye hewa anabaki na reguleta yake, mwenye shida anapewa ya akiba. Kwa kifaa cha kazi mbili mambo hugeuka. Mpira wa jaketi ni mfupi na umeshikamana na bega la mwenyewe, hivyo hauwezi kufika kwa mtu mwingine bila kuwabananisha nyuso zao. Kwa sababu hiyo, mwenye hewa ndiye anayetoa reguleta yake mdomoni na kumpa mwenzake, kisha yeye mwenyewe anahamia kwenye kifaa cha kifuani.

Maana yake ni kwamba katika kila tukio la kuokoana, watu wawili, si mmoja, hukaa kwa muda bila kitu mdomoni. Kwa aliyefanya mazoezi, muda huo ni wa sekunde chache. Kwa ambaye hajawahi kuujaribu utaratibu huo tangu siku ya darasa, ni muda wa kupapasa, kumeza maji na kukohoa.

Kuna tatizo la upande wa pili pia. Mtu aliyefundishwa kuitafuta okto ya njano atamsogelea mwenzake, atakitazama kifua chake, na hataiona. Akikivuta kifaa cha kifuani kwa nguvu ili akitie mdomoni mwake, atamvuta mwenzake pamoja nacho.

Hesabu ya dakika

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri kwa hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa baa 200 una lita 2,400 za hewa. Wapiga mbizi wengi hufundishwa kurejea juu wakiwa na akiba ya baa 50, yaani lita 600.

Chukulia kwamba mwenye hewa amebaki na akiba hiyo akiwa mita 20 chini, na mwenzake ameishiwa kabisa. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Aliyepatwa na hofu anaweza kutumia lita 40 au zaidi. Katika kina cha mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, hivyo kila pumzi hula hewa mara tatu. Watu wawili wenye hofu watatumia lita 240 kwa kila dakika.

Iwapo watachukua dakika moja kupeana reguleta na kutulia, kisha wakapanda kwa mwendo wa mita tisa kwa dakika unaopendekezwa na wengi, watahitaji lita 240 za kutulia na lita zipatazo 355 za kupanda. Jumla ni karibu lita 595. Akiba imetosha, lakini kwa unyoya tu. Hakuna kilichobaki kwa ajili ya kile kituo cha dakika tatu katika kina cha mita tano, ambacho huusaidia mwili kutoa naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu.

Sasa ongeza dakika moja ya kutafutana, kwa sababu mmoja alikuwa akiitafuta okto ya njano ambayo haipo. Lita nyingine 240 zimekwenda, na wawili hao wanakauka kabla ya kufika juu. Hapo ndipo tofauti ya mazungumzo mafupi kwenye boti inapogeuka kuwa tofauti ya uhai.

Ni vyema pia kuondoa dhana moja potofu. Neno akiba halimaanishi hewa ya ziada. Okto na kifaa cha kazi mbili vyote hunyonya mtungi ule ule. Mtungi ukikauka, vyote vimekauka. Anayetaka hewa ambayo haitegemei mtungi mkuu hubeba mtungi mdogo wa pembeni wenye reguleta yake.

Kupanda na mkono mmoja

Ugumu mwingine hujitokeza wakati wa kupanda. Mpiga mbizi anapoelekea juu, mgandamizo wa maji hupungua na hewa iliyomo ndani ya jaketi hutanuka. Isipotolewa, jaketi humwinua kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kasi hiyo huweza kusababisha maradhi ya naitrojeni, na kwa aliyebana pumzi, mapafu huweza kupasuka.

Kwa kawaida mpiga mbizi huinua mpira wa jaketi juu ya bega na kubonyeza kitufe cha kutolea hewa. Lakini sasa ncha ya mpira huo iko mdomoni mwake. Hawezi kuinyanyua kwa uhuru bila kujinyang'anya pumzi. Mkono wa kulia umemshika mwenzake, wa kushoto unatafuta kitufe asichokiona kwa kuwa kiko chini ya kidevu chake. Jirani yake kuna kitufe cha kujazia jaketi na kingine cha kusukuma hewa mdomoni. Akikosea na kubonyeza cha kujazia, badala ya kupunguza mwendo atauongeza.

Tatizo hili lina ufumbuzi. Majaketi mengi yana vali za kutolea hewa begani na sehemu ya nyuma chini, zinazovutwa kwa kamba. Mwenye kifaa cha kazi mbili anapaswa kuzijua kamba hizo kwa kupapasa, bila kutazama. Aidha, mpira mfupi wa jaketi humlazimisha kuinamisha shingo upande wa kushoto, jambo linalomwia gumu anapotaka kumtazama mwenzake upande wa kulia. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wauzaji hushauri mpira wa reguleta kuu urefushwe kutoka sentimita 70 hivi za kawaida hadi takriban mita moja, ili wawili waweze kuachiana nafasi.

Hitilafu moja, hasara mbili

Kuunganisha kazi mbili kunamaanisha pia kuunganisha hitilafu zake. Miongoni mwa dharura zinazofundishwa darasani ni kitufe cha kujazia jaketi kukwama, mara nyingi kutokana na chumvi au mchanga, na hewa ikaendelea kuingia yenyewe. Dawa yake ni kuuchomoa mpira wa hewa kwenye kiungo chake mara moja. Kwa mwenye okto ya kawaida, hasara yake ni kitufe tu, kwani anaweza kulijaza jaketi kwa kupuliza kwa mdomo. Kwa mwenye kifaa cha kazi mbili, kuuchomoa mpira huo ni kuipoteza pia pumzi ya akiba. Kuanzia hapo hana cha kumpa mwenzake isipokuwa reguleta moja ya kupokezana, kama ilivyokuwa zamani.

Kiungo chenyewe nacho kina mambo yake. Kulijaza jaketi hakuhitaji hewa nyingi, lakini kuvuta pumzi kunahitaji. Ndiyo maana vifaa vingi vya aina hii hutumia viungo vyenye tundu kubwa kuliko vile vya kawaida, na mpira wa jaketi jingine hauingiliani navyo. Anayekodi jaketi akiwa safarini anaweza kugundua kwamba mpira wake haufungi, na akafika majini akiwa hana akiba kabisa iwapo hakubeba okto.

Kwa upande wa matunzo, wengi husahau nusu ya kifaa. Sehemu ya kujazia hutumika kila mara, hivyo ikiharibika hujulikana. Sehemu ya kuvutia pumzi inaweza kukaa miezi bila kuguswa na mdomo, huku utando wake ukikakamaa na chumvi ikiganda kwenye vali. Watengenezaji hutaka sehemu zote mbili zikaguliwe na fundi aliyefunzwa kwa vipindi vilivyowekwa, na kwa wengi kipindi hicho ni mwaka mmoja.

Boti moja, mifumo miwili

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, suala hili lina sura yake. Maeneo kama Mnemba na Pemba visiwani Zanzibar, Mafia kusini mwa Dar es Salaam, pamoja na Watamu, Diani na Kisite nchini Kenya hupokea wapiga mbizi kutoka nchi nyingi. Wapo wanaokodi vifaa vyote ufukweni, na wapo wanaokuja na vyao kutoka makwao. Watu wasiojuana hupangwa wawili wawili asubuhi hiyo hiyo, na saa moja baadaye kila mmoja ni bima ya mwenziwe.

Katika mazingira hayo, mifumo miwili inaweza kukutana ndani ya boti moja. Mwongozaji amezoea okto ya njano, mgeni wake amevaa kifaa cha kazi mbili. Sehemu kama Mkondo wa Pemba, ambako maji hukimbia kwa nguvu na kina huteremka ghafla, hazitoi nafasi ya kuelezana kwa ishara za mikono jambo ambalo lingesemwa kwa maneno kabla ya kuruka.

Vivyo hivyo kwa mkazi wa mjini anayekwenda kujaribu mchezo huu kwa mara ya kwanza wakati wa likizo. Hana haja ya kuijua kila vali. Ana haki, hata hivyo, ya kumwuliza mwalimu wake swali moja: hewa ikiniishia, nitapewa kipi, na kiko wapi?

Yanayopaswa kufanywa kabla ya kuruka

Wapiga mbizi hufundishwa kukaguana wawili wawili kabla ya kuingia majini: jaketi, uzito, vifungo, hewa, kisha mtazamo wa mwisho. Anayevaa kifaa cha kazi mbili anapaswa kuongeza mambo manne katika ukaguzi huo.

Kwanza, amwambie mwenzake waziwazi kwamba hana okto, na kwamba atakayeishiwa atapewa reguleta iliyo mdomoni. Amwonyeshe kwa vitendo, si kwa maneno pekee.

Pili, avute pumzi kadhaa kutoka kwenye kifaa hicho huku akiitazama geji. Sindano ikitikisika kila anapovuta, huenda mtungi haujafunguliwa vizuri. Pumzi ikiwa nzito au ikiwa na ladha ya maji, asiingie nacho majini.

Tatu, azibonyeze vali zote za kutolea hewa na kuvuta kamba zake, ili mkono uzikumbuke.

Nne, mara baada ya kuteremka mita chache, wawili hao wafanye zoezi zima la kupeana na kurudishiana, wakiwa bado na hewa tele na akili zimetulia. Zoezi hilo halichukui hata dakika mbili.

Anayenunua naye ajiulize anapiga mbizi na nani. Kwa watu wawili wanaokwenda pamoja kila wiki, wenye vifaa vinavyofanana na mazoezi ya mara kwa mara, kifaa cha kazi mbili kinaweza kuwahudumia vyema kwa miaka mingi. Kwa mwalimu anayewasimamia wanafunzi wapya kila siku, au kwa msafiri anayepangiwa mwenzi tofauti katika kila bandari, okto ya kawaida ina faida moja isiyouzwa pamoja na kifaa kingine chochote: hata mgeni asiyeelezwa kitu anaweza kuiona na kuifikia.

Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa wapiga mbizi, kinga hiyo huanza kwa kuitazama geji mapema, ili pumzi ya akiba, ya aina yoyote ile, ibaki kifuani bila kuguswa hadi boti irejee pwani.